Ukurasa wa "allowance": shajara ya mradi wa kamusi ndogo ya Kiingereza kwa wanafunzi Wachina

4 Machi, Yiwu, China

Kijitabu chetu cha maneno ya Kiingereza yanayowasumbua Wachina kazini bado kiko herufi A, na kinachotuchelewesha ni neno moja: "allowance". Kwa sura si gumu. Wanafunzi wa darasa la jioni karibu wote wameshakutana nalo, ila kila mmoja amelikuta penginepo. Karani wa mizigo ameliona kwenye tiketi ya ndege. Dada wa karakana ya nguo ameliona kwenye karatasi ya vipimo iliyotumwa na mteja wa Ulaya. Fundi mkereza vyuma analo kwenye mchoro, na kijana anayetaka kwenda kusoma Uingereza kalikuta kwenye maelezo ya kodi. Wote wakifungua kamusi ya simu, jibu la juu kabisa ni lile lile: jīntiē, 津贴, yaani fedha anayoongezewa mfanyakazi juu ya mshahara. Kwa Kiswahili cha Tanzania hiyo ni posho.

Sasa isome karatasi ya vipimo kwa jibu hilo. "Seam allowance: 1.5 cm" inageuka posho ya mshono, sentimita moja na nusu. Dada wa nguo alicheka mwenyewe, kwa sababu kitu chenyewe anakijua kuliko sisi sote: ni kile kitambaa kinachoachwa nje ya mstari wa mshono ili nguo isifumuke. Kazi anaijua, jina lake kwa Kichina analijua, ila simu imempeleka kwa mhasibu.

Tumekubaliana kwamba ukurasa uwe mmoja, mbele na nyuma. Mtu akikutana na neno hili kazini, aweze kutambua haraka yuko kwenye maana ipi, arudi kwenye shughuli yake. Tuko watatu: mimi, mwenzangu wa hapa anayefundisha Kichina kwa wageni, na mpangaji wa kurasa, ambaye kila siku anatukumbusha kwamba karatasi haina mpira, haivutiki.

9 Machi

Siku ya kukusanya sentensi. Tumechukua za tiketi, mikataba ya kazi, michoro ya mashine, ruwaza za nguo, fomu za serikali ya Uingereza, na chache za mazungumzo ya kawaida. Kamusi kubwa za Kiingereza hupanga maana kwa namba, mara nyingi fedha kwanza, halafu kiasi kinachoruhusiwa, halafu mengine. Mpangilio huo unamfaa Mwingereza anayetaka kujua neno lake limeenea mpaka wapi. Mwanafunzi wetu anatoka upande wa pili: dhana anazo tayari, kila moja na jina lake, na hana habari kwamba Kiingereza kimezifungia zote chumba kimoja.

Kwa hiyo nilimwomba mwenzangu aandike Kichina pembeni ya kila sentensi, bila kugusa kamusi, kama ambavyo angemweleza jirani yake. Jioni tulifunika safu ya Kiingereza tukasoma ya kulia peke yake. Herufi zilikuwa zinajirudia. Kila penye fedha anayopewa mtu palikuwa na tiē, 贴: jīntiē, bǔtiē. Kila penye mzigo, ushuru au hewa ukaa palikuwa na é, 额. Na penye chuma cha kukereza, au mpango wenye nafasi ya dharura, palikuwa na yú, 余.

Tiē ni kubandika. Bǔ, herufi inayotangulia kwenye bǔtiē, ni kutia kiraka nguo iliyotoboka. Ukizisoma pamoja unapata picha ya pato lenye tundu na fedha inayobandikwa juu yake. É ni kiasi kilichowekwa. Herufi hiyo hiyo pia ni paji la uso, ingawa hilo halimsaidii mtu. Yú ni kilichobaki, ziada iliyoachwa makusudi. Kiingereza kinaangalia tu kwamba kuna kiasi kimetengwa mapema. Kichina kinataka kujua kimetengwa kwa kazi gani, na kila kazi inapata jina lake.

Basi ukurasa utapangwa kwa herufi hizo tatu. Mwenzangu anaogopa kwamba kuna sentensi zitakazokataa kuingia. Zipo kweli, na nimeshaanza kuziweka kando.

Jambo la pembeni, la daftari langu tu: neno hili liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, ambako vitenzi viwili vya Kilatini, allaudare cha kusifu na allocare cha kugawia, vilifanana matamshi hadi vikawa kitenzi kimoja. Sifa na mgao katika mdomo mmoja. Linapendeza, lakini kwa mtu anayesubiri kontena bandarini halina faida, kwa hiyo ukurasani halimo.

15 Machi

Fungu la tiē. Nilidhani ndilo litakuwa jepesi, kumbe ndilo lenye mitego ya kila siku.

Kichina kinagawa fedha hizi kwa uangalifu. Jīntiē hulipwa kwa sababu ya hali ya kazi. Mfano wanaoujua wote ni gāowēn jīntiē, nyongeza ya joto kali: kwa kanuni za mwaka 2012, mwajiri anayewafanyisha watu kazi nje wakati joto limefika nyuzi 35, au anayeshindwa kulishusha chini ya nyuzi 33 ndani ya jengo, anapaswa kuwalipa. Bǔtiē ni ruzuku pana zaidi, ya nauli, ya chakula, ya nyumba. Bǔzhù inaelekea kwenye msaada, kama ule wa mwanafunzi asiye na uwezo. Zote tatu, kwa Kiingereza cha ofisini, zinaweza kuwa "allowance".

Kisha kuna fedha za watoto. Mmarekani anayempa mwanawe dola kadhaa kila Jumamosi anaita hiyo "allowance". Mwingereza husema "pocket money". Mchina ana línghuāqián, fedha ya matumizi madogo madogo. Lakini mwanafunzi wa chuo anayetumiwa fedha na wazazi kila mwezi anaita shēnghuófèi, fedha ya kuishi, na hapo wanafunzi wetu husita kwa sababu wanaona "allowance" ni la kitoto. Jibu tuliloandika: linafaa kabisa, alimradi fedha inakuja kwa mpangilio na kwa kiasi kinachojulikana. Ndiyo maana yāsuìqián, ile ya bahasha nyekundu ya mwaka mpya, haimo. Inakuja mara moja kwa mwaka na hujui bibi ataweka ngapi.

Hong Kong nayo ina lake. Malipo ya wazee yaliyoanza mwaka 1973 huitwa kwa Kiingereza Old Age Allowance, na watu wa kule wameyapa jina la utani, fedha ya matunda, 生果金. Mtu wa bara akilisikia kwa mara ya kwanza anafikiri mzee analipwa machungwa. Tumeliweka kwenye kisanduku kidogo chini, kwa sababu wanafunzi walilipenda na kwa sababu linaonyesha kiasi chenyewe si cha kutajirikia.

Sisi nasi tusijione wajanja. Posho ilikuwa mgao wa chakula wa wapagazi na vibarua kabla ya kuwa bahasha ya semina, na Uganda bado inaliwa, ndiyo ugali: mwambie Mganda kwamba "allowance" ni posho, atakuuliza na maharage au bila. Mkenya atakwambia marupurupu, hasa akiwasema wabunge. Mwanafunzi wa chuo Tanzania anasubiri bumu.

Mtego mkubwa kuliko yote katika fungu hili ni Attendance Allowance ya Uingereza. Niliiandika ubaoni nikauliza ni malipo gani. Darasa likajibu kwa pamoja: quánqín jiǎng! Hiyo ni tuzo ya kiwandani kwa asiyekosa kazi hata siku moja mwezi mzima. Nikamtumia rafiki yangu wa Dodoma swali hilo hilo.

"Kaka, hiyo si posho ya kikao? Ukihudhuria, unasaini, unachukua."

Wote wamekosa kwa njia inayoeleweka kabisa. Malipo hayo ni ya mtu aliyefikia umri wa pensheni ambaye kwa ugonjwa au ulemavu anahitaji wa kumhudumia. "Attendance" hapo ni kuhudumiwa, wala si kuhudhuria. Anayemhudumia ana malipo yake mwenyewe, Carer's Allowance. Na Jobseeker's Allowance, iliyoanza 1996, ni ya anayetafuta kazi. Tumeandika onyo moja kwa wino mwekundu: penye majina ya malipo ya serikali, usitafsiri neno kwa neno, tafuta nani analipwa na kwa sababu gani.

Sarufi kwa ufupi. Wanafunzi wanaandika "much allowance" kwa kulifananisha na fedha, ambayo kwa Kiingereza haihesabiki. Hili linahesabika: "an allowance of 500 yuan a month", na zikiwa nyingi, "allowances". Kichina chenyewe kinasaidia hapa. Wanasema yī bǐ jīntiē, na hiyo bǐ ndiyo inayohesabu kila fungu la fedha peke yake. Penye bǐ, weka "an". Hawajasahau tangu hapo.

22 Machi

Fungu la é. Hapa neno halimpi mtu kitu mkononi. Linamchorea mstari tu: mpaka hapa ni haki yako, ukivuka unalipa.

Mizigo ya ndege kwanza, kwa sababu Yiwu ni mji wa wafanyabiashara na kila mtu amewahi kubishana kwenye mizani. Kwenye baadhi ya tiketi neno lenyewe limekatwa likabaki ALLOW, na chini yake 2PC au 30K. Karani wetu alieleza vizuri kuliko kamusi: kuna mfumo wa kuhesabu vipande na mfumo wa kupima uzito, jìjiàn na jìzhòng. Kwa vipande, begi mbili za kilo 23 hazikupi ruhusa ya kubeba begi moja la kilo 46. Wafanyabiashara wa Kiafrika hapa wanalijua hilo kwa maumivu. Vitenzi vya kuambatana nalo: "exceed", "within", "included". Jina la Kichina: miǎnfèi xínglǐ é. Kiswahili tunasema tu mzigo unaoruhusiwa, wala hatuigusi posho.

Hewa ukaa. Katika soko la Ulaya la haki za kutoa hewa hiyo, lililoanza 2005, "allowance" moja ni haki ya kutoa tani moja ya kaboni dioksidi. Soko la taifa la China lilianza kuuza na kununua tarehe 16 Julai 2021, likianza na mitambo ya kufua umeme, na haki zake kwa Kiingereza hufupishwa CEA, A ya mwisho ikiwa ndilo neno letu. Kwa Kichina ni pèi'é, mgao uliogawiwa. Wanafunzi wote wanaitafsiri "quota", na katika mazungumzo wataeleweka, lakini kwenye hati za soko neno la kawaida ni "allowance". Kilichowashangaza zaidi ni kwamba "allowance" inaweza kuuzwa. Mtu aliyezoea jīntiē hawezi kuwaza kuuza nyongeza ya joto kali.

Kodi ndiyo iliyotuchukua jioni nzima. Uingereza ina Personal Allowance, pauni 12,570 kwa mwaka tangu mwaka wa kodi wa 2021/22, kiasi ambacho mtu hatozwi kodi ya mapato. Kijana anayetaka kwenda Uingereza akatafsiri qǐzhēngdiǎn, neno ambalo kila Mchina analitumia kwa ile yuan 5,000 ya kila mwezi isiyotozwa kodi tangu Oktoba 2018. Mama mmoja mhasibu, aliyekaa nyuma kimya tangu mwanzo, akanyanyua mkono.

"Lǎoshī (mwalimu), watu wanasema hivyo, lakini si sawa."

Akaja ubaoni. Qǐzhēngdiǎn kwa maana yake halisi ni kizingiti: ukikivuka, kodi inahesabiwa kuanzia shilingi ya kwanza. Miǎnzhēng'é ni kiasi kilichosamehewa: ukikipita, unatozwa kwa kile kilichozidi tu. Yuan 5,000 ni ya aina ya pili, ijapokuwa magazeti yanaiita kwa jina la kwanza, na ya Waingereza vilevile. Akaongeza kwamba neno sahihi lina é mwishoni, kama mengine yote kwenye safu. Sijawahi kuona mpangilio wetu ukitetewa vizuri hivyo, na wala hakujua kwamba anautetea. Nikamwongezea kwamba kwa Mwingereza hata msamaha huo una ukomo: pato likizidi pauni 100,000, kila pauni mbili za ziada zinaondoa pauni moja ya "allowance". Akaandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini.

30 Machi

Fungu la yú, na jioni hii fundi mkereza ndiye aliyefundisha.

Alileta kipande cha shafti. Mchoro unataka kipenyo cha milimita 50. Chuma ghafi kina 52. Zile milimita mbili zitakazoliwa na kisu cha mashine ndizo "machining allowance", jiāgōng yúliàng. Nikaandika "2 mm", nikadhani tumemaliza. Yeye akauliza swali ambalo naambiwa kila fundi wa China huuliza: dānbiān au shuāngbiān? Upande mmoja au pande zote mbili? Kwa kuwa chuma ni cha mviringo, milimita mbili za kipenyo ni milimita moja tu kwa kila upande. Mteja akiandika "allowance 2 mm" bila kusema, karakana moja itanunua chuma cha 52 na nyingine cha 54. Tumeweka sentensi nzima ukurasani: "2 mm on the diameter, 1 mm per side." Ndefu, lakini inaokoa chuma.

Kisha kuna ndugu yake anayechanganywa naye, "tolerance", gōngchā. Shafti iliyokamilika inaweza kuruhusiwa kuwa 50 ikizidi au kupungua kwa sehemu mbili kati ya mia za milimita, yaani 0.02. Hiyo ndiyo "tolerance": kasoro inayovumilika kwa sababu hakuna mkono wala mashine isiyokosea. "Allowance" hukusudiwa. Hata pale wahandisi wanapolitumia kwa nafasi kati ya shafti na tundu lake, ni tofauti iliyopangwa tangu kwenye mchoro. Fundi alisema moja unaliomba na jingine unaombewa msamaha. Nimelinakili kama alivyolisema, ingawa mpangaji wa kurasa anasema halina nafasi.

Nguo zimekataa kuingia. "Seam allowance" kwa Kichina ni féngfèn, 缝份, sehemu ya mshono, na humo hamna yú. Dhana ni ile ile lakini jina limekwenda njia yake. Dada wa nguo alitaka iwekwe hapa hapa pamoja na chuma, kwa hoja kwamba vyote viwili ni kitu unachokiacha zaidi ya umbo la mwisho. Tofauti ni moja: chuma cha ziada kinaondolewa, kitambaa cha ziada kinabaki ndani ya nguo. Ameongeza onyo la kazi: ruwaza za washonaji wa nyumbani mara nyingi huwa na sentimita 1.5, lakini viwandani kawaida ni pungufu, na kuna ruwaza zisizokuwa nayo kabisa. Kabla ya kukata, tafuta maneno "included" au "not included". Ukikata ruwaza isiyokuwa nayo kama vile inayo, oda nzima itatoka imebana.

6 Aprili

"Make allowances for". Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka, kwa sababu hakuna fedha, mzani wala chuma. Mmoja aliandika kuhusu mfanyakazi mgeni: "The boss should give him allowance." Alitaka kusema bosi amchukulie taratibu kwa kuwa bado anajifunza. Alichosema ni kwamba bosi amwongezee posho. Mfanyakazi mgeni bila shaka angeafiki.

Tumeitenga katika matumizi mawili. La kwanza ni la mipango: "make allowance for traffic", toka mapema kwa sababu ya foleni. Kichina ni kǎolǜ dào, kuzingatia, au liú yúdì, kuacha nafasi. La pili ni la watu: "make allowances for his age", usimpime kwa kipimo cha wengine kwa kuwa ni mzee, au mtoto, au mgonjwa. Kichina ni tǐliàng. Kiswahili tungesema mchukulie tu, umri umekwenda.

Liú yúdì ndiyo iliyonifurahisha. Mchina huitumia hata kwa maneno: usiseme neno la mwisho, acha nafasi, kesho mtakutana tena. Yúdì ina yú ile ile ya milimita mbili za shafti. Kwa hiyo "make allowances for" imepanda kwenye safu ya yú bila kulazimishwa, na fundi mkereza akawa wa kwanza kuitungia sentensi sahihi, kuhusu baba mkwe wake. Sentensi yenyewe siiandiki hapa.

Angalizo la mwisho la fungu hili: "allow for" hubeba maana ile ya mipango kwa maneno machache zaidi, na kwenye barua za biashara ndiyo hutumika zaidi. "Please allow for delays." Tumeiweka kama njia ya mkato.

11 Aprili

Matamshi. Mkazo uko silabi ya pili. Kimandarini hakimalizi silabi kwa konsonanti isipokuwa n, ng na r, kwa hiyo "-ns" ya mwisho inapata irabu ya kuegemea na neno linatoka "elaoensi". Siwezi kuwacheka, kwetu ni "alawansi". Zoezi linalosaidia ni kuanza na "once", ambalo wote wanalitamka sawa, kisha kurudi nyuma. Wingi, "allowances", una silabi ya ziada na lazima isikike, kwa sababu kwenye mkataba tofauti ya moja na nyingi ni fedha.

18 Aprili

Hali ilivyo: mbele ya ukurasa kuna safu tatu zenye vichwa 贴, 额 na 余, kila moja na sentensi zake. Nyuma kuna kisanduku cha wakaidi: féngfèn ya nguo, Attendance Allowance, na fedha ya matunda. Zile akiba ambazo wahasibu huweka kwa madeni yasiyotarajiwa kulipwa, "allowance for doubtful accounts", kwa Kichina huàizhàng zhǔnbèi, zimehamishiwa ukurasa wa uhasibu. Mama mhasibu amekubali kuupitia huo. Vipimo vya lishe vya Marekani, vile vya RDA (Recommended Dietary Allowances) vilivyochapwa mara ya kwanza 1943, tumeviacha, maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kuviulizia.

Kilichobaki ni kurekodi sauti, na kuamua kama milimita za fundi zichorwe au ziandikwe tu. Mpangaji wa kurasa anataka mchoro. Mimi nataka ile sentensi ya fundi kuhusu kuomba na kuombewa msamaha. Nafasi iliyopo inatosha kimoja. Neno linalofuata ni "appreciate".